Kisigino kisipogusa chini, usingoje

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapoanza kutembea kwa ncha za vidole, wazazi wengi hufurahi: amesimama! Kwa mfanyabiashara aliye safarini Namanga, Busia au Mutukula, habari hiyo huja kwa simu nayo ni njema kweli. Ila kisigino kinachoning'inia kinahitaji kutazamwa mapema.

Mtindio hutokana na jeraha au hitilafu kwenye ubongo ungali unakua. Jeraha lenyewe haliendelei. Kinachobadilika ni mguu. Misuli ya shavu la mguu ikikaza muda wote, hairefuki kwa kasi ya mfupa. Mtoto akirefuka, kano ya kisigino huvuta juu, na kifundo kilichokuwa kikikunjwa kwa mkono huwa kigumu. Wengine wayo hugeukia ndani, wengine nje. Si uvivu, wala mtoto hakurogwa.

Mguu ungali laini, dawa kubwa ni mazoezi ya kila siku aliyoelekeza mtaalamu: goti limenyooka, kiganja kimeshika kisigino, wayo unasukumwa juu taratibu bila kulazimisha. Huongezwa kifaa cha plastiki cha kushika kifundo, kinachovaliwa ndani ya kiatu. Ukianza kukaza, hufungwa plasta inayobadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili. Ukigoma kabisa, husalia upasuaji wa kurefusha kano.

Hapo ndipo safari za biashara huleta taabu. Kifaa hakikui, mtoto hukua. Kilichomtosha Idi hii huweza kumbana kabla ya Idi ijayo, kikaacha wekundu usiofutika hata nusu saa baada ya kuvuliwa. Dada wa kazi, kwa huruma, hukitia kabatini. Basi anayeshinda na mtoto naye aende kliniki akafundishwe, si mama peke yake.

Huduma hizi zipo pande zote za mpaka: CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, ambako chuo cha TATCOT hufundisha watengenezaji wa vifaa hivyo, CURE huko Kijabe, Kenya, na CoRSU ya Kisubi, njia ya Entebbe, Uganda. Anayetibisha huku na kule aweke daftari moja la mtoto, lenye tarehe za plasta na vipimo vya kifaa. Na kabla ya kulipa, aulize ni nani atakayekirekebisha kikibana. Kilichopimwa Kijabe kitamfaa nini mtu ambaye hapiti tena Kijabe hadi mwakani?