Kuchomoa si kupachua

Ukikaa jioni katika saiba za Umoja, Kayole au Donholm, hutakosa kusikia kilio hiki: "Boss, flashi yangu haisomi!" Mara nyingi anayelia ni mwanafunzi aliyetoka tu kuhifadhi kazi ya muhula mzima, akaichomoa flashi mbiombio ili awahi matatu. Hakuiangusha wala hakuilowesha. Alidhani kuchomoa ndiko kumaliza, na hapo ndipo lugha inapoweza kumfaa.

Kiswahili kina vitenzi vya jozi: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Wanaisimu huiita kauli ya kutendua, kwa kuwa kitenzi cha pili huvunja kazi ya kile cha kwanza. Kuchomeka na kuchomoa ni kazi za mkono. Ndani ya kompyuta, hata hivyo, kuna kazi nyingine isiyoonekana, ambayo Kiingereza huiita 'mount'.

Amri hiyo ni kongwe. Imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo endeshi wa Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, Marekani, uliotoka Novemba 1971. Zama hizo mhudumu aliinua kanda au diski kwa mikono yake na kuiweka kwenye mashine. Anayekimbilia kamusi leo ataambulia 'panda', kana kwamba flashi ni mlima. Neno linalofaa ni pachika, kama mtu anavyopachika mshale kwenye upinde. Nalo lina jozi yake tayari: pachua.

Katika Unix na jamaa yake Linux, mafaili yote hukaa kwenye mti mmoja. Flashi ikichomekwa, mfumo huipachika kwenye tawi mojawapo, yaani folda iliyotengwa. Ukiandika faili, mfumo huweza kuishika kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, uiandike kwenye flashi baadaye. Kupachua ndiko kunakoulazimisha umalize deni hilo. Anayechomoa kabla ya kupachua huondoka na kazi nusu.

Je, mfumo hujuaje kilichopachikwa? Fikiria msimamizi wa ploti mwenye daftari la wapangaji. Mpangaji akihama usiku bila kuaga, daftari litaendelea kusema yumo. Ndivyo ilivyokuwa zamani: amri ya kupachika iliandika orodha katika faili iitwayo mtab. Mashine ikizimika ghafla, au kitu kikipachikwa bila kupitia amri hiyo, orodha ilisema uongo, na programu zilizoitegemea zikapotoka nayo.

Dawa ilikuwa kuacha daftari na kuuliza milango yenyewe. Kiini cha Linux, ambacho ndicho hasa hupachika, sasa hutoa taarifa chenyewe, na katika mifumo mingi mtab imebaki kuwa njia ya mkato inayoelekeza huko. Mwaka 2008 taarifa hiyo ilipanuliwa, ikaonyesha pia ni tawi gani limepachikwa juu ya lipi. Bado programu iliyotaka habari za mpangaji mmoja ililazimika kusoma orodha nzima. Toleo la 6.8, lililotoka Machi 2024, lilileta njia ya kuuliza kuhusu mmoja tu.

Msomaji asiseme haya ni ya wataalamu wa ng'ambo. Simu ya Android iliyo mfukoni mwake inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Hata Windows, iliyojaa katika saiba zetu, humpa mtu njia ya kuiaga flashi kabla ya kuichomoa.

Wala kuunda istilahi si ndoto. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Hapa kwetu kazi ni ndogo zaidi, maana maneno yapo. Mwalimu wa kompyuta na mhudumu wa saiba watofautishe tu jozi mbili: chomeka na chomoa ni za mkono, pachika na pachua ni za mfumo. Mwanafunzi akizoea kuulizwa, "Umepachua?" kabla ya kunyoosha mkono, pengine atachelewa matatu moja, lakini kazi yake ya muhula itafika nyumbani ikiwa nzima.