Fahamu: Kihisi mkononi mwa mwanafunzi wa shule ya msingi

Mwaka 2023 shule za msingi nchini Uingereza zilianza kugawiwa bure vifaa vya micro:bit, 30 kwa kila shule. Ni kibao cha kompyuta cha sentimita 4 kwa 5, kinachotumia betri mbili ndogo. Mwaka 2016, BBC na washirika wake walikuwa wamegawa takriban milioni 1 kwa wanafunzi walioanza sekondari.

Kibao hicho kina vihisi vya mwendo, mwanga, joto na sumaku. Toleo la mwaka 2020 likaongeza maikrofoni. Hiyo maikrofoni, kwa maoni yangu, ndiyo yenye utamu zaidi darasani. Watoto wakipiga makofi, taa 25 za kibao zinaweza kupanda na kushuka kufuata kelele. Wakitaka kujua ni kipi kinachozuia sauti vizuri, wanafunika saa ya kengele kwa karatasi, kisha kwa sweta, kisha kwa sponji, huku wakiandika namba za sauti zinazotokea kwenye kibao. Ubishi unaishia hapo.

Ila kihisi cha joto kimo ndani ya prosesa, kwa hiyo kinaweza kuonyesha joto lililozidi kidogo lile la chumbani. Mwalimu asilifiche hilo. Aweke kipimajoto cha kawaida kando, awaulize watoto kwa nini namba hazilingani.

Asiye na kifaa anaweza kujaribu kwa MakeCode, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha kibao hichohicho kwenye skrini.