Ada Pekee Haitoshi: Kumsaidia Mwanafunzi wa Masafa Aliyeko Kigali

Wengi wetu tulio ughaibuni tuna mdogo wetu, mpwa au binamu aliyeko Kigali anayesoma chuo kikuu kwa njia ya masafa. Tunamtumia ada na kompyuta, kisha tunangoja picha ya joho. Baada ya miezi kadhaa tunasikia ameacha, na lawama zinamwangukia: mvivu, hana nia. Tumtendee haki. Anayesomea chumbani peke yake hukwama mahali ambapo mwenzake wa darasani angemuuliza jirani, akaendelea.

Rwanda inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 2001, Taasisi ya Elimu ya Kigali (KIE) ilianzisha mafunzo ya masafa kwa walimu wa sekondari waliokuwa kazini bila sifa kamili. Walisoma moduli zilizochapwa, lakini pia walikuwa na vituo vya mikoani vya kukutana na wakufunzi ana kwa ana. Mwaka 2013, KIE iliunganishwa na taasisi nyingine za umma, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Rwanda.

Mwaka huohuo mpango wa elimu ya juu uitwao Kepler ulianza Kigali na wanafunzi 50. Shahada ilitoka Southern New Hampshire University ya Marekani, na masomo yalipitia intaneti. Walimu wa kuwasaidia, hata hivyo, walikuwa Kigali. Wanafunzi walianza kwa kujengewa msingi wa Kiingereza cha kitaaluma, kompyuta na stadi za kazini, na waliendelea kukutana darasani.

Tazama jinsi kazi zao zilivyosahihishwa. Hapakuwa na A wala D. Mwanafunzi alipewa kazi yenye vigezo vilivyoandikwa wazi, akaifanya na kuituma Marekani. Jibu lilikuwa moja kati ya mawili: umemudu, au bado. Aliyeambiwa bado alipewa maelezo ya kilichopungua, akarekebisha na kutuma tena. Utaratibu huu ni wa haki, kwa kuwa kila mtu huenda kwa mwendo wake. Lakini "bado" ya tatu, usiku, bila mtu wa kukueleza mwenye kusahihisha anataka nini, inatosha kumvunja moyo hata hodari. Mwalimu akikaa naye, wakasoma kigezo kimoja kimoja, kazi iliyoonekana mlima inakuwa aya mbili za kuandika upya.

Mwaka 2015 mpango huo ulifika Kiziba, wilaya ya Karongi, kambi ya wakimbizi wa Kongo iliyofunguliwa mwaka 1996. Vijana waliokulia kambini wakasomea shahada ya Marekani, huku walimu wakiwa nao papo hapo.

Sisi tulio mbali tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kulipa, uliza. Je, chuo kinatambuliwa na Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda? Kina wakufunzi wanaopatikana Kigali? Kazi iliyotumwa hurudishwa baada ya siku ngapi?

Pili, bando liingie kwenye bajeti. Ada hulipwa kwa muhula, lakini intaneti inahitajika kila siku. Afadhali kiasi kidogo kila mwezi kuliko mkupuo mmoja unaoishia kwenye shida nyingine za nyumbani.

Tatu, msaidie kupata mahali pa kusomea na wenzake. Maktaba ya Umma ya Kigali iko Kacyiru. Nauli ya kufika huko mara mbili kwa wiki ni msaada wa elimu kama ilivyo ada.

Nne, zungumza na wazazi. Msichana anayesomea nyumbani huonekana hana kazi, akaitwa jikoni, dukani na kwa wageni. Saa zake za masomo ziheshimiwe kama saa za ofisini.

Tano, piga simu. Usimuulize "masomo yanaendeleaje?", maana atajibu "vizuri". Mwambie akusomee maelezo ya kazi iliyorudishwa, mwelewane atarekebisha nini na ataituma lini. Kama somo hulijui, mtafutie mtu katika jumuiya yetu. Tunao wahasibu, wauguzi, walimu na mafundi wa kompyuta wanaoweza kutoa saa moja kwa wiki.

Tusingoje aseme ameshindwa. Kila anayemlipia kijana ada amtafutie pia mtu mmoja wa kumfuatilia, na amtafute kabla muhula haujaanza.