Gololi Haina Kumbukumbu: Mashine za Pachinko za Japani

Nchini Japani, kamari imekatazwa na Sheria ya Jinai, isipokuwa michezo michache iliyoruhusiwa kwa sheria mahususi, kama vile mashindano ya farasi. Hata hivyo, karibu na vituo vingi vya treni nchini humo kuna kumbi zenye mamia ya mashine, ambamo mtu huingia na fedha na, akibahatika, huondoka na fedha. Mashine hizo ni pachinko na pachisuro. Tunazieleza hapa kwa sababu zinadhihirisha jambo linalomhusu mtumiaji wa mashine yoyote ya kamari: kinachoonekana kwenye kioo sicho kinachoamua matokeo.

Pachinko ilianza kama mchezo wa watoto katika miaka ya 1920. Kumbi zake zilifungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha zikafufuka baada ya vita, hasa katika mji wa Nagoya. Huko, Masamura Takeichi alibadili mpangilio wa misumari ubaoni ili gololi zirukeruke kwa njia zisizotabirika. Katika miaka hiyo ya uhaba, sigara ilikuwa zawadi ya kutamaniwa. Wepesi wa mkono na ukali wa jicho bado vilikuwa na thamani fulani. Mwaka 1980 kampuni ya Sankyo ilitoa mashine iitwayo Fever, ambayo ushindi wake mkubwa ulitokana na namba kulingana, na tangu hapo mkono wa mchezaji umebaki na kazi ndogo.

Mashine ya sasa hurusha gololi za chuma zenye kipenyo cha milimita 11, zisizozidi 100 kwa dakika. Nyingi huanguka chini na kupotea. Moja ikiingia katika kishimo cha katikati, chipu iliyomo ndani hupiga kura papo hapo. Katika mashine nyingi uwezekano wa ushindi mkubwa ni takriban 1 kati ya 319. Ndipo picha huanza kuzunguka. Namba mbili hulingana, ya tatu husitasita, muziki hupanda, taa humweka. Yote hayo ni maonyesho tu, kwani kura imekwisha kupigwa.

Wachezaji wengi hudhani kwamba mashine iliyomeza fedha nyingi imeshiba na sasa iko karibu kutapika. Sivyo. Kila kura husimama peke yake. Katika watu 100 watakaopata kura 319 kila mmoja, takriban 37 hawataona ushindi hata mmoja. Na hata baada ya kura 1,000, takriban 4 watakuwa bado wanangoja. Kwa hao wanne, kura inayofuata ni ileile ya 1 kati ya 319.

Pachisuro hudanganya jicho kwa namna nyingine. Ina magurudumu matatu ya picha, na kila gurudumu lina kibonye cha kulisimamisha. Mchezaji huamini kwamba kidole chake ndicho kinachoamua. Kumbe kura hupigwa anaposhusha wenzo, na gurudumu laweza kuteleza hadi picha nne zaidi ili matokeo yaafikiane na kura hiyo. Ustadi husaidia kidogo katika kupanga picha, lakini hauleti ushindi ambao kura haikuutoa. Zaidi ya hayo, mwenye ukumbi huchagua kwa siri kiwango cha malipo cha mashine, kwa kawaida kimoja kati ya sita.

Fedha nazo hupita mlango wa nyuma. Sheria inaukataza ukumbi kulipa fedha taslimu, hivyo mshindi hupewa zawadi maalumu, kwa mfano kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kasha la plastiki. Huipeleka kwenye kidirisha kilicho jirani, akainunuliwa. Mfanyabiashara wa tatu huirudisha ukumbini.

Gololi hukodishwa kwa hadi yeni 4 kila moja, bila kodi. Zikirushwa 100 kwa dakika bila kurudi hata moja, hiyo ni yeni 24,000 kwa saa. Katika kumbi nyingi, gololi iliyokodishwa kwa yeni 4 hurudi kidirishani kwa bei pungufu, hivyo hata mtu anayemaliza siku akiwa na gololi zilezile alizoanza nazo huondoka amepoteza.