Mbegu za nguruwe na friji havipikiki chungu kimoja



Majuzi kijana mmoja alinipigia simu asubuhi na mapema. "Shikamoo afisa. Majike wangu wanne wote wamerudi kwenye joto." Nikamuuliza mbegu alizitunza wapi. "Kwenye friji. Si ndiyo zinakaa muda mrefu?" Nikaishiwa nguvu. Siku 21 za chakula zimekwenda bure, na kundi zima la watoto halipo.

Simlaumu. Kwao wanafuga ng'ombe. Mbegu za madume wa ng'ombe kutoka NAIC, Usa River, zinakaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, miaka na miaka, na bado ng'ombe anashika mimba. Akadhani na nguruwe ni hivyo hivyo. Hapana.

Kila mbegu imefunikwa na utando wenye mafuta. Utando wa mbegu ya nguruwe una kolesteroli kidogo kuliko wa ng'ombe. Ukipoa ghafla chini ya nyuzi 15, mafuta yake yanaanza kuganda vibaya na utando unavuja. Mbegu inakufa, au inabaki hai bila nguvu ya kutungisha mimba.

Sasa kuna jambo wengi hawalijui. Chukua madume wawili wa aina moja, chakula kimoja, banda moja. Mbegu zao zikigandishwa kitaalamu na kuyeyushwa, za mmoja zinaogelea vizuri, za mwingine zimelala. Sababu mojawapo ni protini zilizomo kwenye majimaji yanayobeba mbegu. Nyingi ni za kundi la spermadhesini, ambazo hujibandika kwenye utando. Baadhi ya protini hizo zinaukinga, nyingine zinaudhoofisha. Watafiti wa Hispania wamekuta kwamba shahawa zinazostahimili kugandishwa zina protini iitwayo fibronektini 1 kwa wingi zaidi. Ndiyo maana wanaogandisha huchukua sehemu ya shahawa yenye mbegu nyingi, kisha huizungusha kwenye mashine na kuondoa majimaji mengi kabla ya kuipoza taratibu.

Protini hizo huzioni kwa macho, na ukubwa wa dume haukuambii kitu. Kwa hiyo shika haya:

1. Mbegu mbichi zilizochanganywa zitunze kwenye nyuzi 15 hadi 18, 17 ikiwa bora. Weka kipimajoto ndani ya kasha, na chupa isigusane na barafu.

2. Geuza chupa polepole mara mbili kwa siku, na usipitishe siku ambazo mtengenezaji wa kichanganyio ameruhusu. Vingi ni siku 3 hadi 5.

3. Ukiuziwa mbegu zilizogandishwa, uliza: baada ya kuyeyushwa, asilimia ngapi zinaogelea? Muuzaji asipokuwa na jibu, pesa yako ibaki mfukoni. Na ujue mbegu hizo zikiyeyushwa haziishi muda mrefu, hivyo lazima uhimilishe karibu kabisa na saa ambayo jike anaachia mayai.

Hata Ulaya, mashamba mengi ya nguruwe yanatumia mbegu mbichi. Usikimbilie kununua mtungi wa nitrojeni.

Kijana wetu amehimilisha upya, safari hii kwa mbegu za siku mbili zilizotunzwa kwenye nyuzi 17. Tunahesabu siku 21 pamoja naye.

Kazi njema.