Gari la Kifahari Kwenye Mteremko wa Nithi

Mito ya upande wa mashariki wa Mlima Kenya huanzia juu msituni, ikashuka kuelekea Tana, na kila mmoja umejichimbia bonde lake. Barabara ya Embu kwenda Meru inapita ubavuni mwa mlima huo, kwa hiyo haina budi kuivuka mito hiyo, ikiwemo Thuci unaozitenganisha kaunti za Embu na Tharaka Nithi, Nithi baada ya Chuka, na Mutonga kabla ya Imenti Kusini. Dereva hupanda mgongo wa kilima katikati ya mashamba ya kahawa na chai, hushuka hadi darajani, hupanda tena, hushuka tena. Safari nzima ni kupokezana kati ya injini na breki.

Ijumaa jioni, na zaidi sana wiki ya Krismasi, barabara hii hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi. Mengi siku hizi ni mazito na yana mbio: BMW X5, Audi Q5, Mercedes-Benz E-Class, Porsche Cayenne, na Subaru Forester yenye turbo ambayo vijana wa Meru huitambua kwa mngurumo kabla haijaonekana. Sehemu kubwa yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani au Uingereza, kwa kuwa kanuni ya KS 1515 huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane. Mwenye gari anajua ukubwa wa injini yake na sekunde linazohitaji kufika kilomita 100 kwa saa. Ukimuuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, mara nyingi hana jibu.

Swali hilo lina uzito wake, na hesabu ndogo ya fizikia inaonyesha kwa nini. Chukua gari la tani mbili linaloshuka mteremko ambao chini yake ni mita 100 kutoka kileleni, ukipima wima. Dereva akilishikilia kwa breki peke yake, mwendo usiongezeke, joto linaloingia kwenye diski, ukiacha kiasi kinachomezwa na upepo na matairi, ni sawa na la kulisimamisha gari hilohilo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi likatulia kabisa. Joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita sita za maji kutoka baridi. Ukilinganisha na kusimama kutoka kilomita 110 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa gari dogo katika barabara kuu za Kenya, ni zaidi ya mara mbili. Tena mbele kuna bonde lingine, na diski hazijapata nafasi ya kupoa.

Ndiyo maana breki za gari lenye nguvu hutengenezwa kama mtambo wa kuondoa joto. Wazo la diski ni la zamani: Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902, lakini lilipata sifa ulimwenguni mwaka 1953, Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Breki za ngoma, zilizotangulia, hufungia joto ndani. Diski huliachia hewani. Kwenye magari makubwa diski ya mbele ni nene na ina matundu katikati ya kuta zake mbili ili hewa ipite. Kalipa, ile pingu inayoibana diski, huwa na pistoni nne au sita badala ya moja, kama zile za dhahabu za Brembo, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1961, zinazoonekana kwenye magurudumu ya Impreza WRX STI.

Uwezo huo una kikomo, na kikomo kikifikiwa breki hufeli kwa namna mbili zinazotofautiana chini ya mguu. Ya kwanza ni pedi kuzidiwa na moto. Pedali inabaki ngumu, dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote, lakini breki hazing'ati. Harufu kali ya kuungua inaingia ndani. Ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanaweza kubeba nguvu ya mguu hadi kwenye gurudumu. Mvuke hubonyea. Mapovu yakitokea ndani ya kalipa, pedali huzama hadi sakafuni kana kwamba hakuna kitu.

Mafuta hayo yana tabia moja ambayo wenye magari wengi hawajaambiwa: hunyonya unyevu wa hewa taratibu, kupitia mipira na kifuniko, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa viwango vya kimataifa, mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Gari linabaki lilelile, kalipa zilezile za bei, lakini nyuzi 75 za usalama zimeondoka bila taa yoyote kuwaka. Watengenezaji wengi wa magari ya Ulaya hutaka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea sana. Kujazia kilichopungua hakutoshi, kwa sababu yaliyochoka ndiyo yaliyoko chini kwenye kalipa, mahali penye moto. Fundi hana budi kuyatoa kwa kila gurudumu hadi yaje safi.

Watu wa eneo hili hawahitaji kusimuliwa gharama ya breki kufeli. Jioni ya Jumapili, Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilipasua ukingo wa daraja la Nithi na kuporomoka bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maafisa wa serikali walieleza kwamba breki zilionekana kufeli. Basi ni kubwa kuliko gari la familia na mitambo yake ni tofauti, lakini mteremko ni uleule, na kona iliyo kabla ya daraja haimjali anayekuja na chombo gani.

Tofauti ya gari la kifahari hujitokeza linapofika gereji. Kwenye Toyota Probox, fundi hodari hubadilisha pedi kwa jeki, spana na kibanio cha kurudisha pistoni. Akitumia mbinu hiyohiyo kwa Audi au BMW yenye breki ya mkono ya umeme, anaweza kuvunja mota ndogo iliyo nyuma ya kalipa. Lazima kwanza aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kuiamuru mota ijirudishe. Pedi nyingi za magari haya pia zina waya wa kihisi unaokatika pedi ikiisha. Waya huo hubadilishwa pamoja na pedi, haufungwi kwa selotepu ili taa izime.

Mfano mkali zaidi ni Mercedes-Benz E-Class za mwaka 2002 hadi mapema 2006, zenye mfumo uitwao SBC. Humo mguu wa dereva hutuma ishara ya umeme, na pampu ndiyo inayosukuma mafuta. Mfumo huweza kuamka wenyewe hata mlango unapofunguliwa, na fundi aliyeingiza vidole kwenye kalipa bila kuuzima kwa mashine anaweza kuumizwa vibaya. Mwaka 2004 kampuni iliyaita karakanani magari zaidi ya laki sita duniani kwa sababu ya mfumo huo, kisha ikaachana nao.

Juu kabisa ya ngazi kuna diski za kaboni na kauri, ambazo Porsche ilianza kuziuza kwenye 911 GT2 mwaka 2001. Ni nyepesi, hazishiki kutu na huvumilia moto mkali mno. Lakini jiwe la barabara ya murramu likinaswa kati ya diski na pedi linaweza kuimega, na kuinunua upya ni gharama ya kununua gari dogo. Kwa anayeishi ndani ya mashamba ya chai, diski nzuri za chuma humfaa zaidi.

Vipuri vyenyewe huletwa kwa wingi kutoka Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi, vikisafirishwa kama vifurushi kwenye matatu. Bandia na halisi hukaa rafu moja. Kuna alama zinazosaidia. Mgongoni mwa pedi nyingi huchapwa herufi mbili, kama EE, FF au GG: ya kwanza huonyesha msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto, na G hushika zaidi ya F, nayo F zaidi ya E. Pedi iliyoidhinishwa Ulaya huwa na nambari ya R90. Diski nayo imeandikwa unene wa chini inaoruhusiwa. Ikifika hapo hutupwa, haichongwi tena. Pedi iliyobaki milimita 3 imekwisha kazi.

Halafu kuna udongo mwekundu. Wakati wa mvua huingia kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake, ukakauka, na kalipa ikakwama. Pedi moja huisha huku nyingine ikiwa mpya, gari huvuta upande mmoja, gurudumu moja huwa la moto kuliko mengine. Pini husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki. Oili ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu. Na gari likifika mjini diski zikiwa moto, lipumzishwe kwanza kabla ya kumwagiwa maji baridi, kwani diski inaweza kupinda au kupasuka.

Kosa kubwa la barabarani, hata hivyo, ni la mkono. Karibu magari yote haya ni ya otomatiki, na wengi huacha gia kwenye D tangu Embu hadi Meru. Wengine huweka nyutro wakidhani wanaokoa mafuta, ilhali injini ya kisasa ikishuka ndani ya gia hukata mafuta yenyewe. Kuzima injini ni hatari zaidi: busta inayopunguza uzito wa pedali huishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara chache.

Dereva anayelijua eneo huanza kazi juu ya kilima, kabla ya mteremko. Anahamisha gia kwenye M, anashuka hadi ya tatu au ya pili, anaacha injini ipandishe sauti na kulizuia gari. Mwendo ukizidi anakanyaga breki kwa uthabiti, kisha anaachilia ili diski zipate hewa, badala ya kuweka mguu juu yake njia nzima. Akiikaribia kona ya Nithi pedali bado iko juu na ngumu, na nusu ya nguvu za breki haijaguswa. Anavuka daraja polepole, gari linaanza kupanda kuelekea Chogoria, na hewa ya mlima inazipoza diski hadi bonde la Mutonga.