Kibuli: Namna ya kumchagulia kitabu mtoto anayeanza kusoma Kiswahili

Katika mtaa wa Kibuli, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, mtoto wa miaka saba anaweza kupita katika lugha nne kwa siku moja. Nyumbani husikia Kiswahili, dukani na mchezoni Kiganda, darasani Kiingereza, na alasiri madrasa humkutanisha na herufi za Kiarabu. Mzazi anayetaka mtoto huyo ajue pia kusoma Kiswahili hukabiliwa na swali ambalo shule kwa kawaida haimjibu: amtafutie kitabu gani?

Swali hilo lina uzito. Mtoto anayepewa kitabu kisichomfaa huchoka mapema, akaona kusoma ni adhabu. Kwa Kiswahili kuna hatari nyingine iliyojificha: mtoto anaweza kusoma kwa sauti kitabu kilichomzidi kimo, bila kukwama popote, asielewe lolote, na mzazi asigundue.

Kwa nini jukumu limebaki nyumbani

Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kilisikika zaidi katika jeshi na polisi kuliko darasani. Kibuli, yenye kambi ya polisi, ni miongoni mwa maeneo ya Kampala ambako lugha hii haijawahi kuwa ngeni. Wapo pia wenye asili ya Kongo mashariki, Kenya na Tanzania ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumba zao.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, uamuzi wa serikali haufiki darasani siku moja na walimu pamoja na vitabu.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2007 unaelekeza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha darasa la nne liwe daraja la kuingilia Kiingereza. Lakini Kampala ni jiji la mchanganyiko wa makabila, na shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja. Basi mtoto wa nyumba ya Kiswahili hujifunza kusoma kwa lugha ambayo bado anaitafuta, huku lugha anayoifahamu vizuri ikibaki bila kitabu.

Sauti inaweza kumdanganya mzazi

Maandishi ya Kiswahili ni mepesi kutamka. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na neno husomwa kama lilivyoandikwa. Kiingereza ni kinyume chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya, ulionyesha kuwa watoto wanaosoma lugha zenye tahajia nyoofu hushika msingi wa kusoma haraka zaidi ya mara mbili kuliko wanaosoma Kiingereza. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini tahajia yake ni ya kundi hilo la lugha nyoofu.

Hapo ndipo penye mtego. Mtoto aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kusoma taarifa ya habari ya gazeti kwa sauti safi, bila kujua imezungumzia nini. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili: kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Walitumia hesabu ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Jambo moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata lile la pili likiwa kamili.

Wazazi wengi wa Kibuli wanaijua tofauti hii kutokana na madrasa. Mtoto hufundishwa kuitamka Qur'ani kwa usahihi kabla hajaijua maana yake, na elimu hiyo ina lengo na heshima yake. Kitabu cha hadithi kina lengo jingine. Kikisomwa bila kueleweka, kazi yake haijafanyika.

Kipimo cha kurasa mbili

Walimu wa Kiingereza hutumia kanuni ya vidole vitano: mtoto husoma ukurasa mmoja, akikunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikikunjwa, kitabu ni kigumu mno. Kanuni hiyo haifai kuhamishiwa kwenye Kiswahili kama ilivyo, kwa sababu mtoto anaweza kuyatamka maneno yote bila kukunja kidole hata kimoja. Tena ukurasa wa kitabu cha mwanzo huenda una maneno kumi tu, na matano yakimshinda ni nusu ya ukurasa.

Kwa Kiswahili, kipimo kiwe maana. Mzazi amwache mtoto asome kurasa mbili, kisha akifunike kitabu na kumwomba asimulie kilichotokea. Aruhusiwe kusimulia kwa lugha yoyote anayoitaka, hata Kiganda, kwa kuwa kinachopimwa ni kuelewa. Akisimulia kisa chenyewe na kukisia kitakachofuata, kitabu kinamfaa. Akirudia maneno mawili matatu bila kuyaunganisha, kitabu hicho kiwekwe kando kwa muda. Kisomwe na mzazi huku mtoto akisikiliza.

Neno refu ni mlima

Kinachomchosha msomaji mdogo wa Kiswahili ni urefu wa neno. Lugha yetu hubeba mengi ndani ya neno moja. Neno "hatukuwaona" lina herufi 11 na silabi sita, na ndani yake mna ukanushi, mtenda, wakati, watendwa na kitendo. Kiingereza huhitaji maneno matano kueleza jambo hilohilo, na mtoto hupumzika kati ya neno na neno.

Kwa hiyo idadi ya maneno katika ukurasa haitoshi kupima ugumu. Sentensi "Mama amekuja. Ameleta embe." ina maneno manne, na ni nyepesi. "Wasipotuandikia hatutawatembelea" ina maneno mawili tu, lakini inaweza kumkwamisha mtoto wa darasa la pili. Mzazi akifungua kitabu dukani, atazame kama maneno mengi yana silabi mbili hadi nne, kama viambishi vilevile vinarudi ukurasa baada ya ukurasa, na kama hakuna neno lililokatwa mwisho wa mstari na kuendelea mstari wa pili. Marudio yanayomchosha mtu mzima ndiyo yanayompa mtoto nguvu.

Picha nazo zitazamwe. Katika kitabu cha mwanzo, picha inapaswa kuonyesha kile hasa kinachosemwa na maneno, ili mtoto aliyekwama apate pa kushika.

Kiganda husaidia, mara nyingine hutatiza

Mtoto wa Kibuli anayesikia Kiganda kila siku haanzi mikono mitupu. Kitabu kwake ni "ekitabo", meza ni "emmeeza", sukari ni "ssukaali", sabuni ni "ssabbuuni". Kitabu cha Kiswahili chenye maneno ya namna hii, ya nyumbani na sokoni, humpa nafasi ya kutambua anachokijua tayari.

Lakini sauti za lugha hizi mbili hazilingani kila mahali. Katika Kiganda, "r" hufuata irabu "e" na "i", na kwingineko hutumika "l". Mtoto aliyezoea hivyo ataisoma "karamu" kama "kalamu", na shughuli ya chakula igeuke chombo cha kuandikia. Vilevile sauti ya mwanzo wa neno "chai" huandikwa kwa "c" pekee katika Kiganda. Akisitasita mbele ya "ch", si uzito wa akili. Ni kanuni mbili zinazogongana. Kitabu chenye picha ya karamu na picha ya kalamu kitamsahihisha vizuri kuliko karipio.

Familia zilizotoka Kongo mashariki zina jambo lao. Mtoto anayesema "batoto" nyumbani atakuta "watoto" kitabuni. Hana haja ya kuambiwa kwamba nyumbani kwao wanakosea. Aambiwe kwamba hivi ndivyo vitabu huandika, kisha hadithi iendelee.

Usiiamini lebo ya darasa

Vitabu vilivyochapishwa Kenya na Tanzania huwa na darasa au gredi kwenye jalada. Lebo hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia masomo. Mtoto wa darasa la pili huko hukisoma katika hesabu pia. Nchini Kenya ni somo tangu gredi ya kwanza. Mtoto wa Kampala aliye darasa la tatu na hajawahi kufundishwa Kiswahili shuleni anaweza kufaidika na kitabu cha darasa la kwanza, na hilo lisimwaibishe. Ni vyema mzazi aifunike lebo hiyo kwa karatasi kama mtoto anaionea haya.

Tahadhari nyingine ni kuhusu vitabu vya mazoezi na mitihani. Vina kazi yake, lakini havimfanyi mtoto atake kufungua ukurasa unaofuata. Kwa fedha ya kitabu kimoja tu, hadithi itangulie.

Pa kuvipata bila gharama kubwa

African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, huweka hadithi za watoto kwenye intaneti bila malipo kwa lugha nyingi za Afrika, zikiwamo Kiswahili na Kiganda. Zimepangwa katika ngazi tano, kuanzia zile za maneno machache kwa ukurasa hadi zile ndefu za kusomewa na mtu mzima. Baadhi ya hadithi zipo kwa lugha zote mbili, na mtoto anaweza kukisoma kisa kilekile mara mbili: kwanza kwa lugha iliyo nyepesi kwake, kisha kwa nyingine.

Hadithi hizo husomwa kwenye simu, na leseni zake huruhusu kunakiliwa na kuchapishwa kwa masharti yaliyotajwa katika kila kitabu. Wazazi watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga, kila mmoja akachapisha hadithi moja katika maduka ya uchapaji ya Nasser Road, kisha wakabadilishana kila wiki. Mwezi ukiisha, kila nyumba itakuwa imesoma karibu hadithi zote tano kwa gharama ya moja.

Katika kupanga hazina hiyo ndogo, vitabu viwe vya aina mbili. Vya kwanza ni vyepesi, vya mtoto kujisomea mwenyewe hata mara kumi. Vya pili ni vigumu kidogo, vya mzazi kumsomea, kwa sababu humo ndimo mtoto atakamoyasikia maneno asiyoyasikia jikoni wala barabarani. Mzazi asiyejua kusoma ana nafasi yake pia. Amwombe mtoto amsomee ukurasa, kisha amuulize kilichotokea. Swali hilo halihitaji kujua herufi hata moja.